Siku Nilipomwonyesha Baba Mkwe Ziwa

Miaka yote niliyokuwa nimeolewa Nyansiongo, sikuwahi kukaa karibu na baba mkwe kiasi cha kusikia pumzi yake. Hilo lisikushangaze. Kwetu Wagusii, mke wa mwana na baba wa mume hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawakai benchi moja, hawatazamani usoni. Yeye haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hata mvua ikimkuta uani kwangu, alikuwa anajibanza chini ya paa la ghala la mahindi mpaka ipite. Sisi tunaiita chinsoni, na ni aibu ya heshima, si aibu ya kosa. Nilizaliwa Sironga nikalelewa nayo, wala sikuwahi kuiona kuwa mzigo. Taabu yangu ilikuwa moja tu: mimi nina mdomo.

Nina mdomo kwelikweli. Nikianza kuzungumza, wenye haraka zao huaga mapema. Mume wangu ni kinyume changu kabisa, maneno yake ya siku nzima ukiyakusanya hayajazi kijiko. Sasa fikiria mtu kama mimi, mwalimu wa shule ya msingi, niliyezoea kulipwa kwa kusema, mbele ya mzee yule nageuka bubu. Nikimwona anakuja kwa njia ya shamba la chai, napisha, nageuza uso, namwamkia nikitazama majani. Naye huitikia akitazama ng'ombe. Chakula chake nilikipika mimi, wakampelekea watoto. Hata sifa zilipitia kwa watoto: mwambieni mama yenu ugali wa wimbi wa leo ulikuwa laini. Nilimpenda yule mzee, nasema wazi. Lakini nilimpenda kwa mbali, jinsi mtu anavyoupenda mlima wa kwao.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini macho yake yakaanza kufunga. Kwanza alilalamika kwamba taa zetu zina moshi. Kisha akaanza kuwasalimia ndama akidhani ni wajukuu, nao wajukuu wakafa kwa kicheko mpaka nikawachapa. Mume wangu akampeleka Kisii kwa daktari wa macho. Walirudi jioni, wote wawili kimya, na kutoka kwa mume wangu kimya si habari, nikamkalia hadi aseme. Akasema ugonjwa uko ndani, nyuma ya jicho, hauna dawa wala kisu. Unafunga polepole kama mlango unaosukumwa na upepo. Huenda mwaka huu, huenda ujao, kisha basi.

Mzee mwenyewe hakulia wala hakulaani. Alitoa ombi moja, likanifikia kupitia kwa mume wangu. Alitaka kwenda ziwani.

Kabla ya uhuru, kabla mashamba ya Wazungu hayajagawanywa tukapata lile la Nyansiongo, kwao kulikuwa Manga. Pale Manga kuna genge refu, na ukisimama juu yake siku isiyo na ukungu, unaona chini kabisa upande wa magharibi kitu kinachong'aa. Alipokuwa mchungaji, alikitazama kitu hicho kila siku. Waliomtangulia walimwambia ni maji. Katikati ya ule mng'ao palikuwa na doa jeusi, wakamwambia hilo ni nchi kavu iliyozungukwa na maji, na watu wanaishi humo, wanapika, wanazaa. Aliamini maji. Nchi kavu katikati ya maji ilimshinda. Inasimama juu ya nini? Mbona haisombwi? Alikua, akaoa, akabatizwa, akazeeka, na shughuli za dunia hazikumpa nafasi ya kwenda kuangalia. Sasa alitaka kuliona lile doa kwa macho yake kabla mlango haujafunga.

Bahati nzuri mwalimu mwenzangu mmoja shuleni alikuwa Mjaluo wa pwani ya ziwa, na mjomba wake alikuwa na mashua yenye injini. Nilimweleza chumbani mwa walimu, akasema hilo ni jambo dogo, tuje siku ya Jumapili, maana Jumamosi alijua sisi wa Sabato hatusogei. Akasema mashua inabeba watu wachache tu. Tukawa mzee, mume wangu, mimi, na mzee mmoja wa kanisa letu pamoja na mkewe, ambao waliposikia habari ya safari walijialika wenyewe.

Tulijiandaa kama watu wa milimani, yaani vibaya. Kwetu Nyansiongo asubuhi baridi inakata vidole, kwa hiyo kila mmoja alivaa sweta, na mke wa mzee wa kanisa akavaa mbili. Baba mkwe alivaa koti lake refu la sufu, zito kama gunia la mahindi, alilopewa na Mzungu aliyemfanyia kazi zamani. Tulifunga ndizi za kuchemsha na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Na jambo ambalo wenyeji wa ziwani wanalicheka hadi leo: tulibeba debe la maji ya kunywa kutoka chemchemi yetu, kulipeleka ziwani. Tulihofia tusije tukakosa maji.

Pikapu ya jirani ilituteremsha alfajiri. Mzee alikaa mbele na dereva, mimi nyuma kabisa na mke wa mzee wa kanisa, ili chinsoni ikae mahali pake. Tulipita Kisii, tukaanza kushuka, na hewa ikabadilika. Ilikuwa nzito, ya joto, yenye harufu nisiyoijua. Sweta zikaanza kuvuliwa moja baada ya nyingine. Migomba ikaisha, ikaja miti ya miiba na udongo mweusi. Mahali fulani barabara ilipinda juu ya kilima, na gari lote likanyamaza, hata mimi.

Sijui niliseme vipi. Darasani nilikuwa nalichora ziwa hilo kwa chaki ya buluu, kiraka cha ukubwa wa kiganja, nikiwaambia watoto waandike jina lake. Nilidhani nitaona kitu kilicholala chini, kama bwawa la kunyweshea ng'ombe, ila kubwa. Kumbe halilali! Lilisimama. Kutoka pale kilimani maji yalionekana yamepanda juu kuliko nchi, yamefika nusu ya mbingu, na huko juu yakaungana na mawingu bila mshono. Nilishika ukingo wa pikapu. Akili iliniambia maji hayapandi, lakini moyo uliniambia tukisogea yatatumwagikia. Mke wa mzee wa kanisa alianza kuimba polepole.

Tulipofika ufukweni mzee alishuka akasimama wima, koti limefungwa vifungo vyote katika joto lile. Alielekeza uso kwenye maji kama anayenusa. Baada ya muda akamwuliza mwanawe ng'ambo iko wapi. Mume wangu akajibu kwa ufupi wake wa kawaida kwamba haionekani. Mzee akauliza haionekani kwa macho yake yeye, au kwa macho ya watu wote. Mume wangu akasema ya watu wote. Nikaona mabega ya mzee yanashuka kwa raha, kama mtu aliyeambiwa kwamba yule aliyemshinda mieleka huwashinda wote.

Sasa, mashua. Ilikuwa ya mbao, nyembamba, imepakwa rangi ya kijani, na mabenchi yake yalikuwa ubao mmoja mmoja uliopigwa msumari kutoka ubavu hadi ubavu. Mjomba wa mwalimu alitutazama jinsi mnunuzi anavyotazama ng'ombe mnadani, akatupanga kwa uzito. Mume wangu, ambaye ni mtu wa mwili, akamweka nyuma karibu na injini, akampa kopo la kuteka maji yanayovuja. Mwalimu, aliyekuwa ametungoja ufukweni, akakaa naye huko. Mzee wa kanisa na mkewe, ambao Mungu alikuwa amewabariki kwa kilo, akawaweka katikati. Kisha akaninyooshea kidole mimi, akamnyooshea kidole baba mkwe, wepesi wawili, akatuonyesha ubao wa mbele kabisa. Ubao mmoja.

Mume wangu alianza kusafisha koo. Mzee wa kanisa alitazama viatu vyake. Mwalimu akamnong'oneza mjomba wake, naye mjomba akasikiliza kwa adabu, akatikisa kichwa. Alisema hata kwao mkwe anaheshimiwa sana, hakuna wa kumfundisha hilo, lakini mtu mzito akikaa mbele mashua itainamia mawimbi na kunywa maji. Ama tukae alivyosema, ama tubaki tule ndizi zetu ufukweni. Nilitaka kusema basi mimi nibaki. Lakini baba mkwe alikuwa pale na mbele yake mimi sisemi.

Ni yeye aliyekata shauri. Aliingia majini na viatu vyake, akapapasa ubavu wa mashua, akapanda, akakaa ubaoni akitazama mbele. Kisha akavua lile koti, akalikunja vizuri, akaliweka katikati ya ubao, likawa kama kiukuta. Akangoja. Nikapanda, nikakaa upande wa pili wa koti, nimebana magoti, uso nimegeuzia maji. Ndipo nilipoisikia pumzi yake kwa mara ya kwanza.

Injini ikanguruma, tukaondoka. Kelele ile ilikata mashua vipande. Wa nyuma walikuwa na mazungumzo yao, wa katikati walikuwa na nyimbo zao, na sisi wa mbele tulikuwa na upepo tu. Mzee akauliza kitu, akikielekeza hewani, kama desturi inavyotaka. Kwa kawaida mtoto angejibu, au mume wangu. Hakuna aliyesikia. Akauliza tena, kwa sauti kidogo, kisha akageuka nyuma akamwita mwanawe, na mwanawe alikuwa ameinama anateka maji. Nilimwona kwa pembe ya jicho. Alikuwa amekaza macho yale mbele, ameyatoa, anayalazimisha, na machozi ya upepo yanamtiririka. Siku aliyoingoja tangu utoto ilikuwa inampita kushoto na kulia, na yeye haioni.

"Nasikia maji tu," akasema, si kwangu, si kwa mtu. "Nimekuja kusikia maji."

Nikafikiri, mimi nimepewa macho na mdomo, nimewekwa hapa kwa uzito wangu, halafu ninyamaze? Nikatazama mbali kabisa na yeye, nikaliambia ziwa.

"Tata, maji ni ya rangi ya majani ya chai yaliyokomaa. Mbele yako ni rangi ya risasi."

Uso uliniwaka moto. Tata ni baba, ndivyo nilivyokuwa namwamkia, lakini baada ya salamu sikuwahi kuongeza kitu. Nikadhani nimeharibu kila kitu. Kisha akauliza, naye akitazama upande wake, mawimbi yana ukubwa gani. Nikasema kama matuta ya viazi. Yote sawa? Hapana, mengine yana kofia nyeupe. Ndege wapo? Wapo, Tata, wako weusi wamekaa juu ya kisiki kilichotoka majini, wametandaza mabawa wanayaanika kama mashuka. Mbona wanaanika? Sijui, Tata. Basi sema hujui, akasema, usinitilie chumvi. Chumvi nitajitilia mwenyewe.

Nikafunguka. Jamani, nilifunguka! Nilimweleza ndege mweusi kwa mweupe aliyesimama hewani papo hapo, anapiga mabawa bila kwenda mbele wala nyuma, kisha akaanguka kama jiwe akatoka na samaki. Nilimweleza visiwa vya magugu vinavyoelea vyenyewe, na mzee akaniuliza mara mbili kama nina hakika vinaelea. Nilimweleza mvuvi mmoja peke yake kwenye mtumbwi mdogo katikati ya maji yote yale, ametulia anavuta sigara kana kwamba yuko uani kwake. Kila nilipotaja kitu alidai kipimo: kama ng'ombe au kama ndama? Kutoka hapa hadi pale ni kama kutoka kwangu hadi kanisani? Kwa jinsi alivyoniuliza, nikajikuta naona vitu ambavyo peke yangu ningevipita. Sijawahi kutazama dunia kwa bidii namna ile, kabla wala baada.

Halafu nikaona moto. Mbele yetu, juu ya maji matupu, moshi mweusi ulikuwa umesimama, mnene, unazunguka, unapanda hadi mawinguni. Nikamwambia Tata ziwa linaungua. Akasema maji hayaungui. Nikasema najua, lakini linaungua, na sisi tunaenda palepale. Mke wa mzee wa kanisa naye akauona, wimbo ukakatika. Mwenye mashua akacheka huko nyuma, akapiga kelele kwamba ni wadudu. Wadudu wadogo kuliko mbu, wanaozaliwa majini wote kwa pamoja na kupanda juu kuoana. Tuliukata ukingo wa moshi ule, na ghafla kulikuwa na mvumo kama wa kanisa zima linaloomba kwa sauti ya chini. Wadudu wakatufunika nywele, nyusi, mikono, wakalifunika koti lote likaonekana lina manyoya. Hawakuuma. Walitugusa tu, laini. Na upande wa pili wa koti nikasikia sauti nisiyoijua. Baba mkwe alikuwa anacheka. Alikuwa amefungua viganja vyake, amewaacha wajae humo, anacheka kama mtu anayetekenywa.

Kisha lile doa jeusi likatokea. Nilimweleza lilivyokua: kwanza kama nzi juu ya blanketi, kisha kama ng'ombe aliyelala, kisha ikawa nchi. Halikuwa jeusi. Lilikuwa mawe ya kijivu yaliyorundikana, makubwa kuliko nyumba, mengine yamekaa juu ya mengine kwa kidole tu, na yote yamepakwa chokaa ya mavi ya ndege. Miti ilikuwa imeota kutoka kwenye nyufa. Akaniuliza inasimama juu ya nini. Nikainama nikatazama chini ya mashua, na pale maji yalipokuwa maangavu nikaona mawe yaleyale yakiendelea kushuka, yakishuka, hadi giza.

"Tata, ni mlima," nikasema. "Ni mlima kama Manga. Umesimama chini kama milima yote. Sisi tuko kwenye kilele, na maji yamejaza bonde."

Aliweka mkono kifuani, akauacha hapo.

Kuteremka ndiko kulikokuwa na kazi. Mwenye mashua aliisukuma pua yake kwenye jiwe, na wa mbele ndio wa kushuka kwanza. Mume wangu alikuwa nyuma, kati yake na sisi kulikuwa na mzee wa kanisa na mkewe na debe letu la maji. Baba mkwe alisimama, akanyoosha mguu hewani kutafuta jiwe, na hapo wimbi likaja. Mashua ikaruka. Nikamwona anaelemea kwenye pengo kati ya mashua na jiwe, mikono imetanda, inashika upepo. Sikufikiri. Nilimshika mkono, wangu na wake, kiganja kwa kiganja, nikamvuta, tukaangukia jiweni magoti wote wawili.

Watu wa nyuma walishikwa na butwaa. Mzee wa kanisa akafungua mdomo, mkewe akampiga kiwiko, akaufunga. Nilitaka jiwe lipasuke linimeze. Nikauachia ule mkono, au nilijaribu. Yeye hakuuachia upesi. Aliushika muda wa kuvuta pumzi, kisha akauweka chini polepole, kama mtu anayerudisha chombo cha watu. Akapapasa jiwe lililokuwa chini ya magoti yake. Alilipapasa kote, akalipiga kofi, akaweka shavu juu yake. Akasema kwa sauti ambayo wote tuliisikia kwamba haliyumbi.

Watu wa kisiwa walikuwa wachache, wavuvi na wake zao, na walitupokea vizuri. Walitupikia samaki aina ya ngege kwa nyanya, na mzee wa kanisa, ambaye Maandiko yake hayakulala hata likizoni, aliomba kwanza kuonyeshwa magamba. Akaonyeshwa, akala kuliko wote. Baada ya chakula mume wangu akampandisha baba yake juu ya kisiwa, kwa sababu mzee alitaka kutazama kwao kutoka pale. Miaka yote alikuwa ametazama huku akiwa kule. Nilibaki chini naosha masufuria na wanawake, mahali pangu.

Haukupita muda mume wangu akaja anateleza juu ya mawe, uso wake una aibu. Akaniambia nipande. Nikauliza kuna nini. Akasema baba anauliza anachoona, yeye anamwambia milima, baba anauliza milima gani, yeye anamwambia milima. Mzee amechoka naye. Amesema mwite mama watoto, yeye anajua kuona.

Nilipanda. Baba mkwe alikuwa amekaa juu ya jiwe, ameelekeza uso mashariki. Nilisimama nyuma yake, mahali ambapo hatungeonana. Nilijua anachokitaka. Alitaka nimwambie genge la Manga liko pale, linaonekana. Nikatafuta kwa macho hadi yakauma. Ningeweza kudanganya, na nani angejua?

"Tata, Manga siioni," nikasema. "Imefunikwa."

"Imefunikwa na nini?"

Nikamweleza. Sisi tulikuwa kwenye jua kali, maji yanametameta pande zote, lakini mbali kule juu, nchi yetu yote, kutoka Kisii hadi Nyamira hadi kwetu Nyansiongo, ilikuwa chini ya wingu moja jeusi la buluu. Kutoka kwenye wingu hilo mvua ilikuwa imeteremshwa hadi ardhini kama pazia. Nilikuwa naona ukingo wake, hapa inanyesha, hapa hainyeshi. Radi ilikuwa inawaka ndani yake bila sauti. Na wingu zima, Tata, limetoka huku. Linajengwa juu ya ziwa hapa nyuma yetu, linapita juu ya vichwa vyetu vipande vipande, linaenda kujikusanya kwetu.

Mzee alikaa akiyatafuna hayo. Maisha yake yote mvua ilikuwa imemnyeshea saa za mchana, kila siku ya Mungu, juu ya ndizi na chai na mgongo wake, na hakuwahi kuiona kwa nje.

"Kwetu kunanyesha," akasema taratibu, "na mimi nimekaa mahali inapotoka."

Mume wangu, mtu wa kijiko, alikuwa analia. Wala mimi sikuwa na macho makavu. Tulikaa hapo juu hadi mwenye mashua akapiga mluzi kutuita, kwa sababu upepo wa jioni ulikuwa unaamka.

Wakati wa kupanda mashua, mzee wa kanisa akajitolea kupanga upya. Alisema tumekula, uzito umebadilika, labda mume wangu sasa aweza kukaa mbele na baba yake, ndiyo yatakuwa maadili. Mwenye mashua akasema kwa kurudi haidhuru, upepo uko nyuma yetu. Baba mkwe hakungoja mjadala uishe. Alipapasa hadi ubao wa mbele, akakaa palepale alipokaa asubuhi. Kulikuwa na baridi kidogo sasa. Akalichukua koti lake, akalivaa. Katikati ya ubao palibaki wazi. Nikaenda nikakaa, na kutoka pale hadi ufukweni sikunyamaza.

Nyumbani mambo yalirudi mahali pake. Nilimpisha njiani, nikaamkia majani. Hakuna aliyeutaja ule mkono, hata mzee wa kanisa, na kwa mtu yule huo ulikuwa muujiza. Mwaka uliofuata, majira ya chai nyingi, macho yakafunga kabisa.

Ndipo alipoanza kuja. Watoto walimwongoza hadi nje ya jiko langu, wakamwekea kigoda akaegemea ukuta wa udongo. Mimi ndani napika, yeye nje anaota jua, ukuta katikati yetu, na desturi haikuwa na la kusema. Hakuingia hata mara moja. Aligonga ukuta kwa fimbo, akasema neno moja: ziwa. Nami huku nikisonga ugali nikaanza, kuanzia ufukweni, na nikiruka kitu alinirudisha. Tulifanya hivyo kwa miaka. Watoto wangu walilijua ziwa lile kabla ya kuliona.

Siku moja, karibu na mwisho wake, nilimaliza kusimulia, nikamwuliza kupitia ukutani kama kuna nililosahau.

"Umesema yote," akajibu. "Ila tulipokuwa bado hatujaufikia moshi, upande wangu, maji yaliwaka. Kipande kizima. Meupe, yanacheza, yanapasuka na kuungana. Hilo hukuniambia. Hilo niliona mwenyewe."

Nilibaki na mwiko mkononi. Upande wake sikuwa nimetazama. Safari nzima niligeuza uso, jinsi nilivyolelewa. Nikaepua sufuria, nikakaa chini na mgongo wangu ukutani, pale nilipokisia mgongo wake uko.

"Tata," nikamwambia, "mimi hilo sikuliona. Nieleze."

Akatafuta pa kuanzia, kisha akanieleza.